Televisheni ya Kulipia: Tuikate au Tuibakishe?



Swali la makala haya nimelikuta mbali na kwetu, katika mji wa Karatu, njiani kwenda Ngorongoro. Lakini lawahusu khasa watu wa mwambao, kwani sijui nyumba, iwe Tanga, Unguja au Mombasa, isiyobishana juu yake kila kifurushi cha televisheni kinapokwisha. Je, tuendelee kulipa, au tuache na tutazame kwa njia nyingine?

Dada yangu ameolewa Karatu miaka mingi sasa. Ni mji wa baridi na udongo mwekundu, wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao sisi tumezoea kuwaita Wambulu, na barabara yake kubwa ndiyo ipitayo magari ya watalii yaendayo kreta. Shemeji yangu ana duka la vipuri kando ya barabara hiyo. Nyumbani wamo watu saba: yeye na mkewe, mama yake mzazi, na watoto wanne. Juu ya paa lipo dishi, na kila mwezi shemeji hutoa shilingi 25,000, yaani 300,000 kwa mwaka.

Nilikaa kwao wiki mbili. Wiki ya kwanza nilitazama pamoja nao. Kisha usiku mmoja picha ikapotea, yakatokea maandishi kwamba muda umekwisha. Shemeji akasema, "Mwezi huu silipi. Watoto wana simu, watazame huko." Dada akajibu, "Huko kwenye simu ndiko nisikokutaka mimi." Wakanigeukia: "Kaka, wewe ndiye mwandishi. Tuamulie."

Msomaji wangu, sikuwaamulia usiku ule. Nilisema kwanza tupime tulichokuwa tukikinunua, kwa sababu mtu hawezi kujua kama kitu ni ghali mpaka ajue ni kitu gani.

TULIFIKAJE HAPA

Vijana hudhani televisheni ilikuwako siku zote. Unguja ilianza kuwa nayo mwaka 1973, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994, ilipoanza ITV. Kwa hivyo wengi wetu tuliozaliwa bara tulilelewa bila ya chombo hiki, tukakua, tukasoma, tukaoa. Kilipokuja kilikuwa ni cha antena tu: ukiinunua televisheni umemaliza. Usiku wa tarehe 31 Disemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata, na tokea hapo kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Ndipo watu wengi walipochanganya mambo mawili, wakaona kwamba king'amuzi maana yake ni malipo ya kila mwezi. Sivyo. Chaneli za bure za nyumbani, kama TBC na ITV, hazikukusudiwa kuuzwa. Na mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamia jambo hilo kwa ukali, hata chaneli hizo zikaondolewa katika ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti. Maana yake ni kwamba asiyelipa habaki gizani. Abaki na kidogo, lakini si gizani.

NILICHOKIONA

Basi tutazame hicho kinacholipiwa. Nyumba ile ina chaneli zaidi ya mia, na kwa wiki nzima niliona zikitazamwa nne. Nitasema juu ya mambo matatu.

La kwanza ni wanyama. Jioni moja mtoto wa darasa la sita alifungua kipindi cha simba, na simba wenyewe ni wa Ngorongoro! Kutoka kiti alichokalia mpaka lango la hifadhi ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, na mtoto hajapata kufika. Msimulizi alisema Kiingereza, mtoto akamfasiria bibi yake. Picha zilikuwa nzuri ajabu, hilo sikatai; ukungu ukishuka ukingoni mwa kreta asubuhi, nyumbu na pundamilia chini, subhanallah. Kipindi kilipokwisha bibi akauliza, "Na Wamasai wako wapi?" Hakuna aliyemjibu. Saa nzima hakupita mtu hata mmoja, wala ng'ombe.

Swali la bibi yule ndilo uhakiki, na mimi nimeliongezea tarehe tu. Mwaka 1959 Wamasai waliondoka Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la peke yake, lenye kilomita za mraba zaidi ya 8,000, ambamo sheria iliruhusu watu, mifugo na wanyama wa mwitu wakae pamoja. Mwaka ule ule ilitoka filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael hakuiona ikimalizika. Ndege yake ilianguka Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta, na babaye akazikwa kando yake mwaka 1987. Ni kazi ya watu walioipenda nchi ile kwa kweli, wakawahesabu wanyama wake kutoka angani, wakaifanya dunia itoe fedha kuwalinda. Lakini filamu ile iliacha pia mazoea mabaya: kuionyesha ardhi kuwa ni njema inapokuwa tupu, na mchungaji kuwa ni mgeni aliyepotea njia. Vipindi vingi vilivyofuata vimerithi jicho hilo, na ndivyo tunavyovinunua leo kwa kifurushi.

Utasema, "Hayo yanatuhusu nini sisi wa pwani?" Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wetu wa Tanga. Serikali yasema wanahama kwa hiari, na kwamba watu na mifugo wamezidi. Wakaazi wengi na watetezi wao wanakanusha kwamba ni hiari. Mimi si kadhi wa kesi hiyo. Nasema tu kwamba mtoto wa Karatu ametazama saa nzima juu ya Ngorongoro, kwa fedha ya baba yake, na hakupata kujua hata kwamba kesi ipo.

Mwaka huo huo wa 2022 ilitoka filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe anamtembeza mwandishi wa Kimarekani Peter Greenberg. Hapa angalau mwenye kuonyesha nchi ni mwananchi, tena mama wa Kizanzibari aliyejistiri, na hilo si jambo dogo kwa macho ya binti zetu. Lakini nayo inasema Kiingereza, kwa sababu inamsemesha mgeni aje. Mtoto wa Karatu aendelea kusikiliza mazungumzo ya watu wengine juu ya nyumba yake.

La pili ni tamthilia. Dada yangu na binti zake wanapenda zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na mimi naisifu kazi ya wanaotia sauti hizo. Aghlabu Kiswahili chao ni kisafi kuliko cha filamu zetu wenyewe. Watoto wa kiume nao wanamtazama Ertuğrul kwenye simu. Tamthilia hiyo ilionyeshwa Uturuki kuanzia 2014 mpaka 2019, na Waislamu wengi wa dunia wameipenda kwa kuwa shujaa wake anasali na hanywi ulevi. Nami nilifurahi kuona vijana wakifurahia sura isiyo ya mlevi. Lakini nilimuuliza mkubwa wao, "Unadhani haya yalitokea?" Akasema, "Ndiyo mjomba, ni tarikhi." Hapa ndipo penye hatari. Wanazuoni wa tarikhi wanajua machache mno juu ya Ertuğrul, zaidi ya kwamba alikuwa baba yake Osman aliyeanzisha dola ya Waosmani. Mamia ya saa hizo, karibu zote, ni ubunifu wa waandishi. Ubunifu si haramu kwa kuwa ni ubunifu. Ila mtazamaji aambiwe. Tamthilia ya kidunia kijana huishuku, lakini hii ya kilemba na upanga huipokea kama darsa, na hakuna aliyekaa kando yake kumwambia.

La tatu ni mpira. Hapa shemeji yangu hasikii la mtu! Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziliuzwa kwa Azam Media kwa miaka kumi, kwa shilingi bilioni 225.6. Fedha hiyo imezisaidia timu, hilo tulikubali. Lakini maana yake ni kwamba mpenzi wa Simba au Yanga asiyelipia nyumbani ataufuata mpira kibanda umiza, na kibandani hakuna anayekumbushwa Magharibi. Dada yangu alisema neno la haki: "Afadhali alipie anitazamie hapa, namwona."

NJIA NYINGINE

Wanaosema "tukate" husahau kuuliza wanakwenda wapi. Niliona milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni chaneli za bure. Penye mnara wa karibu antena yatosha. Nyuma ya milima hutakiwa dishi. Mlango huu hauna lawama, ila hauna mpira wala tamthilia nyingi, na mwenye kuupita ajue hivyo asije akalalamika baadaye.

Mlango wa pili ni simu. Shemeji alidhani simu ni bure. Tukakaa tukahesabu: vijana wawili wakubwa kila mmoja hununua bando la shilingi 1,000 kila siku mbili. Hiyo ni 15,000 kwa kila mmoja kwa mwezi, 30,000 kwa wote wawili. Njia ya bure imepita bei ya dishi! Tena fedha hii hutoka kidogo kidogo bila ya mtu kuiona. Na ubaya wake mkubwa si fedha. Televisheni ya sebuleni, hata ikiwa na upuuzi, ina mashahidi: bibi yupo, mama yupo, mtu huona haya akabadilisha. Simu haina shahidi. Kijana amejifunika shuka, masikio yameziba, na kinachomchagulia cha kutazama baadaye si mzazi wala yeye mwenyewe, ni mtambo uliojifunza udhaifu wake.

Mlango wa tatu ni nakala. Kuna maduka yatakayokujazia kadi filamu arobaini kwa bei ya soda, na kuna wanaotumia nywila ya jirani aliyelipa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakataza kunakili na kuuza kazi ya mtu bila ya idhini yake. Lakini kabla ya sheria kuna haki. Aliyeandika, aliyeigiza na aliyetia sauti ni vibarua, na kibarua hulipwa ujira wake. Mtu asikate dishi kwa kusingizia dini, kisha akaingiza nyumbani mali ya wizi.

TULIVYOSHAURIANA

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu. Huku kwetu hakuna kukata. Malipo ni ya kabla, mwezi kwa mwezi. Usipolipa, kumekatika, na ukitaka tena unalipa. Kumbe kila mwaka tunapewa nafasi kumi na mbili za kuamua, nasi tumezigeuza kuwa ada, kama kwamba ni kodi ya nyumba. Kampuni haikutulazimisha. Sisi ndio tulioacha kunuia.

Nikawashauri mambo matatu, nawe msomaji nakupa yale yale. Kwanza, kila kifurushi kinapokwisha, nyumba ikae ijiulize: mwezi uliopita tulitazama nini, na kilitufaa nini? Mwezi wenye jambo, lipeni kwa nia. Mwezi usio na jambo, acheni bila ya ugomvi. Pili, kitazamwacho kitazamwe sebuleni, na simu za watoto zikae hapo hapo baada ya Isha. Tatu, mkubwa mmoja akae pamoja na watoto, na kipindi kikiisha aulize kama alivyouliza bibi: nani hakuonyeshwa? Ni kweli au ni kisa? Kimesemwa kwa ajili ya nani? Muislamu anaamini kwamba ataulizwa juu ya jicho lake na mali yake; basi na ajizoeze kuulizwa angali nyumbani.

Walikubaliana kuacha kulipa miezi miwili na kuweka fedha kando, ili likizo ikifika wakodi gari na bibi akaone kreta kwa macho yake. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni. Gharama iko kwenye gari.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yamenyooka. Nimesharudi pwani, na dada amenipigia simu kuniambia kwamba siku ya Simba na Yanga shemeji alitoroka kwenda kibandani, akarudi Magharibi imempita, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Mwezi ujao, akasema, huenda wakalipa. Nami nimemjibu kwamba wakilipa kwa kushauriana hawakuvunja agano, maana agano halikuwa la kukata. Bando la vijana, hata hivyo, limepungua nusu, na bibi bado anauliza gari litakodiwa lini.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, na atujaalie kuwa waangalizi wa hao tuliopewa kuwaangalia. Amin.