Gunia la Dhanji na daftari la Asiatique

Kabla sijafika kambini nilikuwa mbeba mizigo Asiatique, pale Bujumbura, karibu na bandari. Marobota ya vitenge, madumu ya mafuta, magunia ya mchele: mgongo wangu unayajua yote. Bosi alikuwa Mhindi, Mwislamu. Ijumaa mchana tunafunga duka, watu wakitoka msikitini tunafungua tena.

Kwa hiyo semina ya ujasiriamali ya mwezi uliopita ilinigusa. Mkufunzi alisema: tazameni Wahindi wa mjini, walikuja wageni kama nyinyi, dini yao ikawafundisha nidhamu, leo wana maduka. Watu wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Mimi nilinyamaza. Niliporudi nyumbani nikafungua tena riwaya ya M. G. Vassanji, The Gunny Sack, iliyotoka mwaka 1989. Naisoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, lakini naona inamjibu mkufunzi kuliko mimi.

Dhanji Govindji anatoka India, anapitia Zanzibar, anaweka duka Matamu, pwani ya Tanganyika. Wanaompokea ni Washamsi wenzake, madhehebu ambayo Vassanji ameyabuni kwa kufuata sura ya Makhoja Waismailia. Hapo mkufunzi ana haki: mgeni asiye na kitu anapata watu wa kumdhamini kwa sababu tu anasali nao. Jamaa ndiyo benki yake.

Lakini endelea kusoma. Dhanji amezaa mtoto, Huseni, na mtumwa aitwaye Bibi Taratibu. Baadaye anamwacha huyo mama, anaoa mke wa jamaa yake. Huseni akikua anapotea, na baba anamtafuta mpaka pesa zinakwisha, na zile alizokabidhiwa na waumini nazo zinakwenda. Mwisho wake anauawa. Imani iliyompa mtaji haikulinda sanduku. Na mlango uleule uliomwingiza Dhanji ulimwacha Bibi Taratibu nje. Hapa ndipo riwaya ina nguvu, na hapa ndipo ninapoilaumu: gunia la kumbukumbu ni la ukoo wa Dhanji, kwa hiyo Bibi Taratibu anapita kama kivuli. Yeye hesabu yake nani aliiandika?

Asiatique nayo ilizaliwa na milango ya namna hiyo. Wabelgiji waligawa Usumbura kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Hata hivyo biashara ilitoboa ukuta. Sisi tulifanya mali kauli: unachukua mzigo leo, unalipa ukishauza, dhamana ni neno lako na mstari mmoja kwenye daftari. Soko kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, mama mmoja aliyekuwa na meza mle alikuja dukani mikono mitupu. Mlokole kabisa, wa kukesha kwenye maombi. Bosi alifunua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi, akaniambia: mpakilie robota mbili. Hakumuuliza anasali wapi. Alitazama kama mama amekuwa akilipa.

Nasema haya kwa sababu ya kilichotupata. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa cha wanakwaya watupu. Tuliaminiana kwa sababu tunaimba pamoja, kuhesabu tukaona ni kama kumtukana ndugu. Siku moja mtunza hazina akaondoka na pesa. Sasa kambini wanasema, kila mtu akae na watu wa kanisa lake, ndiyo usalama. Jamani! Yule alikuwa wa kanisa letu. Dini inaweza kukupa imani ya siku ya kwanza. Ya siku ya mia inatoka kwenye daftari linalosomwa mbele ya wote.

Na nyinyi wa mashirika, neno moja. Matamu ilikuwa na bahari. Asiatique ilikuwa na bandari, na ziwani reli ilifika Kigoma tangu 1914. Mfanyabiashara ni mtu anayekwenda na kurudi. Mimi nikitaka kwenda sokoni naomba karatasi, nikiipata soko limekwisha. Mkinifundisha nidhamu bila ruhusa ya kutoka, nitauza nyanya kwa jirani anayeuza nyanya. Maendeleo ya namna hiyo yanadumu mpaka mradi ufungwe.

Jumamosi hii tunaanza kikundi kipya: Wakatoliki, walokole, Waislamu wawili, na mama mmoja asiyesali popote. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Daftari litasomwa kwa sauti, jina kwa jina, franka kwa franka. Mkufunzi akipenda aje, akae nyuma, asikilize.