Baba Mbele ya Hukumu: Mipaka ya Saikolojia Changanuzi katika Usomaji wa Rosa Mistika

Nadharia ya Saikolojia Changanuzi huifaa riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi hasa pale mhakiki anapomchunguza Zakaria. Baba huyu, mlevi na mkali, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Hofu iliyopandwa siku hiyo inasaidia kueleza mwenendo wa Rosa na wanaume anapokuwa masomoni, mbali na jicho la mzazi. Hapa Sigmund Freud anaingia bila kulazimishwa: kilichozuiliwa kwa fimbo hakikufa, kilijificha.

Ugumu unaanza baada ya Rosa kujiua, kwani riwaya haiishii hapo. Rosa na baba yake wanafikishwa mbele ya Mungu, na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu dini, Freud aliiona imani kuwa zao la tamanio la mtoto la kulindwa na baba. Anayemfuata atadai kwamba Mungu huyu ni Zakaria aliyekuzwa hadi mbinguni. Dai hilo linakwama, maana Zakaria mwenyewe yumo kizimbani. Inaweza kujibiwa kwamba huyo ni baba mwema ambaye Rosa hakumpata duniani. Lakini tamanio lingempa Rosa kimbilio, si hukumu anayoshiriki na yule aliyemuumiza. William James, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1902, alikwisha kuonya kwamba kujua chanzo cha imani ndani ya nafsi si kuipima thamani yake. Uhakiki unaosimama kwenye chanzo hauna budi kulipita tukio hili haraka, kana kwamba ni kiambatisho tu.

Yapo pia majina, ambayo hayakuokotwa ovyo. Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, na katika litania hiyohiyo Maria huitwa Regina, yaani Malkia. Regina ndiye mama wa Rosa, mke anayevumilia vipigo vya Zakaria. Imani katika riwaya hii, basi, imebeba jina la mama na la binti kabla haijamfikia baba, ilhali nadharia inayoanza na baba haina mahali pa kumweka Regina isipokuwa pembeni, mahali pale pale alipowekwa na mumewe.