Paka mpelelezi wa Krismasi na pengo katika rafu zetu za Kiswahili

DESEMBA iliyopita, shule zilipofungwa, mjukuu wangu wa Gredi ya Nane alinijia na kitabu cha Kiingereza mkononi. “Babu, kuna cha Kiswahili kama hiki? Cha Krismasi, mtu anakufa lakini hakitishi, halafu kuna paka?”

Nikacheka. Kisha nikanyamaza. Nimefundisha fasihi zaidi ya miaka thelathini, na jibu sikuwa nalo.

Kitabu chenyewe ni The Cat Who Turned On and Off (1968) cha Lilian Jackson Braun, Mmarekani aliyekuwa pia mhariri wa gazeti. Nilikichukua shingo upande. Sisi wahadhiri tumezoea kuzibandika kazi za aina hii jina la ‘riwaya pendwa’, tukafunga mlango na kwenda zetu. Nilikimaliza kwa siku mbili.

Mhusika mkuu, Jim Qwilleran, si polisi. Ni mwanahabari wa makamo mwenye masharubu makubwa, aliyewahi kuripoti uhalifu na aliyeacha pombe. Krismasi inapokaribia, anaanza kuandika makala kuhusu Junktown, mtaa uliochakaa ambako watu huuza vitu vya kale. Anapata habari za mfanyabiashara aliyefariki. Watu wanasema ni ajali. Qwilleran ana shaka, na nyumbani ana paka wawili wa Siam, Koko na Yum Yum. Mwisho sitausema, nisije nikawaharibia uhondo.

Ubora wa kazi hii uko wapi? Kwanza, paka hasemi. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Sisi tumelelewa na hadithi za sungura na fisi, ambamo mnyama ni binadamu aliyevaa manyoya. Koko ni paka tu: hunusa, huparura, huangusha vitu. Qwilleran ndiye anayevipa vitendo hivyo maana, na msomaji humwuliza: je, paka amegundua jambo, au bwana wake anajidanganya? Shaka hiyo ndiyo inayokisukuma kisa.

Pili, mwandishi anamtendea msomaji haki. Vidokezo vimewekwa peupe, katikati ya soga za wauza viti vibovu na taa kuukuu. Ukishindwa kuvitambua, lawama ni yako.

Tatu, sikukuu si pambo tu. Krismasi ni msimu wa watu kulazimika kuketi pamoja na kuchekeana, hata wanaochukiana. Mshukiwa anakukaribisha kinywaji. Mpelelezi gani asingependa nafasi kama hiyo?

Hata hivyo, kasoro ipo. Kifo kwenye riwaya hii hakina uzito wa kutosha. Mtu anazikwa leo, kesho watu wanarejea kwenye mzaha wao. Kwetu matanga hayaishi hivyo. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mwandishi wetu atakayejaribu utanzu huu itambidi aweke kicheko na kilio chini ya paa moja. Naamini anaweza. Nani hajaketi matangani akasikia kichekesho kilichomtoa machozi ya aina nyingine?

Tena tusijifanye kwamba mpelelezi asiye polisi ni mgeni kwetu. Mwaka wa 1960, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale. Shujaa wake, Bwana Msa, ana kiko chake na akili yake, basi. Pale watu wanapoona kazi ya mizimu, yeye anaona mkono wa binadamu. Anachekesha, na papo hapo anatufunza kutoamini kila tunaloambiwa. Huo ndio msingi wa riwaya kama ya Braun, na sisi tunao tangu kabla Koko hajazaliwa.

Basi tulikwama wapi? Nitajianzia mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea mswada wa kisa chepesi cha upelelezi. Nilimwambia aandike ‘jambo zito’. Hakuniletea tena kisa chochote. Nilidhani ninailinda fasihi, kumbe nilikuwa ninaifukuza nyumbani kwake. Na paka wa nyumba haingwa.

Mtoto hujenga mazoea ya kusoma kwa kitabu anachokikimbilia, si kwa kile anachotahiniwa tu. Tukimpa Kiswahili cha mtihani na Kiingereza cha likizo, tusishangae akiipenda lugha ya likizo.

Kwa hivyo, mwandishi chipukizi, tuandikie. Weka mkesha wa Krismasi kijijini, matatu iliyojaa mizigo, shangazi mdadisi, na paka asiyesema. Mjukuu wangu anasubiri, na safari hii ningependa niwe na jibu.