Matari ya Riyadha

Mimi si mfuasi wa dini yoyote. Lakini kila uingiapo Mfungo Sita, na wageni wakamiminika Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, kusikiliza Maulidi ya al-Habshi yaliyotungwa Hadhramaut, nakiri kwamba furaha ile hainibagui. Vijana wenye kanzu, wakipiga matari huku wakiinama na kuinuka kwa pamoja, hunitia raha ambayo hakuna tarabu iliyopata kunipa, wala haniulizi mtu itikadi yangu. Wapo wanavyuoni waliolaumu matari kuingizwa msikitini. Nami, nisiye na haki ya kutoa fatwa, namshukuru Habib kwa kuwakaribisha mafakiri waliodharauliwa na wakubwa wa mji, pamoja na ngoma zao.