Sifa za Fundi wa Namba

Namba 170141183460469231731687303715884105727 haigawanyiki ila kwa moja na kwa nafsi yake. Habari hii yaandikika kwa mstari mmoja. Walakini aliyeithibitisha mwaka 1876, Mfaransa Édouard Lucas, hakuwa na mashine ya kumsaidia, ila kalamu na subira ambayo, kwa rai yangu, yastahili kusifiwa kama usifiwavyo ustadi wa wachonga milango wa Lamu.

Asiyeijua sanaa hii atadhani kwamba namba hupimwa kwa kujaribiwa vigawo vyake, kimoja baada ya kimoja. Lakini afanyaye hivyo hana budi kuendelea hata afikie vigawo vya tarakimu 20, na umri wa binadamu hautoshi hata robo ya robo ya safari hiyo. Lucas alipita mlango mwingine. Namba yake ni 2 kwa kipeo cha 127, pungufu ya moja, na namba za umbo hili hutoa siri yao bila ya vigawo kuguswa. Kanuni yenyewe, kama ilivyokuja kunyoshwa na Mmarekani D. H. Lehmer katika mwaka 1930, ni hii: shika 4, izidishe kwa nafsi yake, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, weka baki tu, kisha rudia. Tuipime 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5, pungufu ya moja: 4 yazaa 14, 14 yazaa 194, na baki yake ni 8, 8 yazaa 62, nayo yagawanyika kwa 31 pasi na baki. Yakini, 31 ni namba tasa. Hapo hatua ni tatu tu. Kwa ile ya tarakimu 39 ni 125, na tarakimu moja ikikosewa, yote yafuatayo ni batili.

La ajabu zaidi ni 2 kwa kipeo cha 67, pungufu ya moja, ambayo padri Marin Mersenne aliihesabu miongoni mwa namba tasa mwaka 1644. Lucas alibainisha kuwa si tasa, ilhali hakijui hata kigawo chake kimoja! Vigawo hivyo vilidhihirishwa mwaka 1903 mjini New York, Frank Nelson Cole alipozidisha ubaoni 193707721 kwa 761838257287. Wengi humpenda Cole, kwa kuwa kazi yake yaonekana kwa macho. Mimi humtanguliza Lucas, aliyeipata burhani pasipo kumwona shahidi.

Namba yake ilibaki kubwa kuliko tasa zote zilizojulikana hadi 1951. Mwaka 2024 ilipatikana nyingine, yenye tarakimu 41,024,320, na kompyuta zilizoihakiki zilizidisha, zikatoa 2, zikashika baki, kwa kanuni ile ile.