Sindano na Pete 512

Kuna filamu ya mwaka 1965, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha chuo cha MIT huko Marekani. Inaeleza kompyuta iliyokuwa ikiundwa kuwapeleka watu mwezini. Wahandisi wanazungumza sana, na wanazungumza vizuri, lakini sehemu ninayoirudia ni fupi na ndani yake yuko mtu anayefanya kazi tu. Mwanamke ameketi mbele ya fremu iliyojaa pete ndogo za sumaku. Mkononi ana sindano, na ndani ya sindano umo waya mwembamba. Fremu inasogea yenyewe, inasimama. Anaipenyeza sindano kwenye tundu lililoletwa mbele yake, anaipokea upande wa pili, anauvuta waya polepole mpaka ulegevu wote uishe. Anasubiri. Fremu inasogea tena.

Kiwanda ni cha kampuni ya Raytheon, mjini Waltham, Massachusetts. Waltham ilikuwa na kiwanda cha nguo za pamba tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kisha ikapata sifa kwa saa za mfukoni, kwa hiyo mikono iliyozoea vitu vyembamba haikuwa adimu pale. Wahandisi wenye utani waliiita kumbukumbu ya kompyuta iliyosukwa pale “kumbukumbu ya bibi vizee”. Utani huo haunichekeshi. Kazi waliyokuwa wakiifanya akina mama wale haikuwa na mashine ya kuwarithi, na wahandisi walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Kilichokuwa kikisukwa ni programu. Siku hizi programu tunaipakua kwa kugusa kioo cha simu, ikiwa na kasoro tunapakua nyingine. Katika kompyuta hiyo ya safari za Apollo sehemu kubwa ya programu ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Moduli moja ilikuwa na pete 512, na waya za kusomea 192. Waya ukipita ndani ya pete, hapo pamesomeka moja. Ukipita nje yake, pamesomeka sifuri. Kila pete ilibeba hivyo maneno 12 yenye biti 16 kila moja. Kompyuta moja ilichukua moduli sita, jumla maneno 36,864, na ndani ya maneno hayo mlikuwemo hesabu zote za kuongoza chombo, kuwasha injini na kutua. Ukizidisha pete kwa waya unapata maamuzi 98,304 katika moduli moja: ndani au nje, ndani au nje, na hakuna la katikati.

Msusi wa ukili akikosea chane moja, jicho linamwambia papo hapo, kwa sababu nakshi inapinda na mkeka mzima unamsuta. Katika kamba hizi za waya kosa halina sura. Waya uliopita mahali pasipo pake unafanana kabisa na waya uliopita mahali pake. Ndiyo maana msukaji hakuachiwa kazi ya kukumbuka. Utepe wenye matundu, uliotolewa kutoka kwenye programu yenyewe, ndio ulioiongoza mashine kusogeza fremu na kuleta pete inayotakiwa mbele ya sindano. Yeye aliachiwa kile ambacho utepe haukiwezi: kuhisi. Waya huo umevikwa utando mwembamba wa kuzuia umeme. Ukivutwa kwa nguvu ukakwaruzika kwenye ukingo wa pete, utando unachubuka na kesho mahali hapo panaweza kugusana na jirani yake. Ukiachwa umelegea, kipindo kinabaki kikisubiri kukunjwa na kukatika. Kati ya hayo mawili kuna mvuto mmoja ulio sawa, na kidole ndicho kinachoujua. Tazama tena filamu: mkono wake hauna haraka wala hauna kusita, na kila mvuto unafanana na uliotangulia.

Moduli moja ilichukua wiki kadhaa. Ikimalizika, haikusadikiwa. Iliunganishwa na mashine ya kupimia iliyosoma kila neno na kulilinganisha na lile lililokusudiwa. Waya uliokosewa ulifuatwa na kusahihishwa hapo, wakati bado unafikika. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda kile, alipohojiwa miaka mingi baadaye, alisema kila kipande kilipaswa kupita mbele ya macho ya watu watatu au wanne kabla ya kupigwa muhuri, na wakaguzi wa serikali walikuwa wakiingia na kutoka muda wote. Nadhani tungefanya makosa kuuona ukaguzi huo kama dharau kwa fundi. Fundi hodari ndiye anayejua kwamba jicho lililokaa na kazi tangu asubuhi limeshaanza kuona kile linachotarajia kuona.

Isitoshe, wakaguzi wote walipokwisha kuondoka, alibaki mmoja ndani ya kila neno. Katika zile biti 16, moja haikuwa ya programu. Iliwekwa ili idadi ya moja katika neno iwe witiri daima. Kompyuta iliposoma neno ikakuta idadi ni shufwa, ilijua kwamba mahali fulani mambo yameharibika, ikajianzisha upya badala ya kuendelea na hesabu ya uongo.

Kamba zilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa chipu, na hapo subira ilichukua sura nyingine. Eldon Hall, aliyesimamia ubunifu wa vifaa vya kompyuta hii huko MIT, alichagua aina moja tu ya saketi ya mantiki kwa karibu shughuli zote: lango la NOR lenye njia tatu za kuingilia. Angeweza kutumia aina kadhaa na kupunguza idadi ya vipande. Alikataa. Kiwanda kinachotengeneza kitu kimoja kila siku hujifunza kukitengeneza. Na mpimaji anayepima maelfu ya kitu kimoja huanza kujua tabia za ugonjwa wake. Toleo lililokwenda mwezini lilikuwa na vijisanduku bapa takribani 2,800, kila kimoja kikibeba malango mawili.

Vijisanduku hivyo vilifika kwa mafungu, na kila fungu lilipitishwa kwenye mateso kwa utaratibu. Lilitazamwa. Lilitiwa kwenye baridi, kisha kwenye joto, kisha baridi tena. Lilizungushwa kwa kasi ili nyaya dhaifu za ndani zing'oke sasa hivi na si baadaye. Lilipimwa kama linavuja hewa. Liliwashwa likaachwa likifanya kazi, kwa sababu vifaa vya elektroniki vyenye kasoro ya kuzaliwa mara nyingi hufa mapema. Kilichokufa hakikutupwa: kilifunguliwa na kuchunguzwa kwa darubini mpaka sababu ijulikane. Wakati mwingine ilikuwa ile waliyoiita tauni ya zambarau, pale dhahabu ya waya na alumini ya chipu zinapochanganyika kwa joto na kuzaa kiungo cha rangi hiyo, chepesi kuvunjika. Wakati mwingine kifuniko kilikuwa kinavuja. Na wakati mwingine ilikuwa chembe ya metali iliyobaki ndani, ikizurura, ikisubiri siku ya kugusa sehemu mbili kwa pamoja.

Vifo vikizidi idadi iliyoruhusiwa, fungu zima lilikataliwa. Zima, pamoja na vijisanduku ambavyo havikuonyesha dosari yoyote! Mfanyabiashara ataona hasara hapo. Mimi naona adabu ya hali ya juu katika ufundi huu: kukubali kwamba kupita mtihani hakutoshi, kama kifaa kimetoka katika mikono iliyokuwa na siku mbaya.

Vilivyosalimika viliunganishwa kwa kuchomelewa. Havikulehemiwa. Kwa kazi ya namna hii weldi za majaribio huvutwa mpaka zikatike, ili ijulikane kama mashine imepangwa sawa kabla haijagusa kifaa chenyewe. Kisha moduli ilimwagiwa utomvu unaoganda ukawa mgumu, usiruhusu kitu kutikisika wakati roketi inanguruma. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Kamba nayo, ikishafunikwa hivyo, ilibeba programu yake pamoja na makosa, kama yapo. Kwa sababu hiyo programu ilifungwa miezi kadhaa kabla ya safari, na waandishi wake, wakiwa chini ya Margaret Hamilton, waliandika wakijua kwamba kila mstari utapelekwa kwa mtu mwenye sindano.

Katika safari zote za Apollo, hakuna kompyuta hata moja ya aina hii iliyoharibika ikiwa angani. Radi iliipiga Apollo 12 mara mbili muda mfupi baada ya kuruka, tarehe 14 Novemba 1969, umeme wa chombo ukavurugika. Kamba hazikupoteza neno.

Jaribu gumu zaidi lilitoka kwenye kifaa kingine kabisa. Tarehe 5 Februari 1971, Alan Shepard na Edgar Mitchell walikuwa wakiuzunguka mwezi ndani ya chombo cha kutua cha Apollo 14 wakijiandaa kushuka, pale kompyuta ilipoanza kupokea ishara kwamba swichi ya kuvunja safari imebonyezwa. Hakuna aliyeigusa. Mitchell akagonga paneli karibu na swichi, ishara ikatoweka, baadaye ikarudi. Ilishukiwa kwamba ndani ya swichi kuna chembe ya metali, pengine tone la lehemu, inayoelea bila uzito. Injini ya kushukia ikiwashwa na ishara hiyo ipo, kompyuta ingetii na kuwarudisha juu.

Programu haikuweza kubadilishwa, imesukwa. Huko Cambridge, Massachusetts, kijana aitwaye Don Eyles, ambaye alikuwa ameandika sehemu ya programu ya kutua, aliketi kutafuta njia ya kupita pembeni mwa kamba. Aliipata katika kumbukumbu ndogo ya muda, ile inayofutika: kuiaminisha kompyuta kwamba safari imekwisha kuvunjwa, ili isiitazame swichi tena. Maelekezo yakasomwa kwa redio, Mitchell akayabonyeza. Injini ikawaka, Shepard akaipandisha nguvu kwa mkono, Mitchell akamalizia tarakimu zilizobaki, na kompyuta ikashika njia yake hadi mahali pa kutua, Fra Mauro.

Walipomaliza kazi, sehemu ya juu ya chombo iliwarejesha kwa mwenzao aliyekuwa akiwasubiri, kisha ikaachwa iangukie mwezini. Swichi ile ilikuwamo, kwa hiyo hakuna mkaguzi aliyewahi kuifungua.