Mathenge: Ganda Linaloua, Unga Unaonenepesha

Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus ya Baringo, Kenya, iliishtaki serikali kwa sababu ya mti. Miongoni mwa ushahidi wao alikuwamo mbuzi asiye na meno. Kwangu mimi, kinywa cha mbuzi yule kilieleza tatizo lote.

Mathenge, mti wenye asili ya Amerika ya Kati na ya Kusini, ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuleta kuni na malisho. Maganda yake ya manjano ni matamu mno. Vunja moja kwa vidole uone: nyama ya ndani inanata kama asali iliyoganda. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Hukata kwa meno ya chini yanayogandamiza ufizi mgumu. Utamu ule ukinasa hapo kiangazi kizima, meno huoza na kung'oka, naye hudhoofika kwa njaa huku majani yako mbele yake.

Tena kuna sumu. Maganda yana alkaloidi ambazo, mnyama akiyala karibu peke yake kwa miezi, huharibu neva zinazoendesha misuli ya taya. Taya hulegea, mate hudondoka, kucheua kunakuwa taabu. Ng'ombe huumia upesi kuliko mbuzi.

Na mbegu? Ndimo ilimo protini nyingi, lakini ni ngumu kiasi cha kupita tumboni nzima na kuota kwenye kinyesi. Mfugaji anakosa lishe, mathenge unapata mpanzi.

Ndiyo maana kusaga kulibadilisha hesabu. Maganda hukaushwa kwanza hadi yavunjike kwa mlio, maana mabichi hugandia mashine, kisha husagwa pamoja na mbegu zake. Mbegu iliyopasuka haioti tena, na protini yake inamfikia mnyama.

Bado kuna kipimo. Watafiti wa Kenya waliwagawa mbuzi 20 wachanga wa aina ya Galla katika makundi manne kwa siku 70: kundi moja halikupewa unga, mengine yalipewa gramu 100, 200 au 400 kwa kila mbuzi kwa siku. Walioongezeka uzito zaidi ni wa gramu 200. Waliopewa 400 hawakuwafikia.

Kwa hiyo, mfugaji, okota maganda kabla mbuzi hawajayafikia, yasage, na uwape unga huo juu ya nyasi, kamwe usiwe badala ya nyasi.